Mwanangu alifika darasa la tatu hajui kusoma, hivi ndivyo tulivyofanya

Jamani naandika hii kwa mzazi mwenye mtoto anayeongea vizuri, hadithi anaelewa, hesabu za kichwa anapiga, ila ukimpa kitabu anakwama. Wa kwangu alifika darasa la tatu hawezi kusoma sentensi moja, na shuleni jibu likawa hilohilo, mvivu huyo, mpeleke tuisheni. Tuisheni akaenda, wakamwimbisha ba be bi bo bu ileile, akaijua kama wimbo, lakini ukimwonyesha BU peke yake unaona midomo inacheza, ba, be, bi, bo, ndo aifikie. Yaani alikuwa hasomi, anakariri.

Tukapima kwanza macho na masikio, vikawa sawa. Ndo nikampata mwalimu wa elimu maalumu, akakaa naye muda mrefu kisha akaniambia mama, hii ni disleksia, akili ya mtoto haina tatizo lolote, kazi ngumu kwake ni kuzitenganisha sauti za neno na kuzioanisha na herufi. Na si jambo geni, daktari Samuel Orton wa Marekani aliwachunguza watoto wa hivi tangu miaka ya 1920, halafu mwalimu Anna Gillingham akaipanga kazi ile ikawa njia ya kufundishia, sauti moja ikikaa ndo unaenda nyingine, mtoto anaiona, anaisikia, anaitamka na mkono unaiandika hapohapo.

Sasa nyumbani. Tulianza bila herufi kabisa. Nachora viboksi kwenye karatasi, nampa vizibo vya soda, nasema "kata", yeye anasukuma kizibo kimoja kwa kila sauti, k, a, t, a. Hii ilitoka kwa Elkonin, mwanasaikolojia wa Urusi. Mwanzoni alisukuma viwili tu, ka na ta, maana sikio limezoea silabi, nikamwacha na silabi kwanza mpaka zikamkolea ndo tukashuka kwenye sauti mojamoja.

Herufi tuliandika kwenye sinia lenye mchanga, kidole kinachora huku mdomo unatamka. b na d zilitutesa sana, kwa hiyo d tukaiweka kando kabisa, tukakaa na b tu, baba, bibi, bata, buibui, hata usingizini angeijua, ndo d ikaingia. Niseme ukweli, kinachoungwa mkono sana na tafiti, hata ile ripoti kubwa ya Marekani ya mwaka 2000 kuhusu ufundishaji wa kusoma, ni kufundisha sauti na herufi waziwazi kwa mpangilio. Mchanga wenyewe ushahidi wake si mzito kivile, ila ulimtuliza mwanangu na hakukimbia meza, mimi nikaendelea nao.

Kiswahili kina unafuu maana kinasomwa kinavyoandikwa, balaa ni herufi zinazoshikana, mb, nd, ny, na ile ng' ya ng'ombe ambayo aliisoma kama ya ngoma. Hizo nilizifundisha kila moja kivyake, sikuchanganya.

Alipoanza kusoma kwa usahihi bado alikuwa polepole mno, basi tukahamia kwenye kurudia, kipande kifupi kilekile anakisoma tena na tena mpaka kinateleza, mtafiti Samuels aliandika kuhusu hii mwaka 1979. Siku moja kakwama kwenye "nyumbani" nikafungua mdomo nimsaidie, akaniwekea mkono, "Mama ngoja, usiniambie." Akaipata mwenyewe jamani, nilifurahi mno.

Watu walinishauri miwani ya rangi na dawa za kuongeza akili. Miwani hiyo madaktari wa watoto na wa macho wa Marekani walishasema wazi mwaka 2009 kwamba haina ushahidi, pesa yako nunulia vitabu vifupi vya hadithi.

Saizi anasoma, taratibu kuliko wenzake ila anaelewa anachosoma. Kwa ticha wake mpya niliomba kitu kimoja, asimsimamishe ghafla kusoma mbele ya darasa, amtajie aya leo asome kesho, na ticha akakubali, jioni tunaifanyia mazoezi pamoja.