Siku moja ya mkaguzi asiyekula ngano, kutoka Mbeya mjini hadi Rungwe

Saa 11:00 alfajiri

Baridi ya Mbeya mwezi wa Juni haimruhusu mtu kutoka kitandani kwa hiari, lakini mimi hulazimika kuwahi jikoni kabla ya wenzangu wote, kwa sababu saa hiyo meza bado ni safi. Watoto wakishaamka watakata mkate, makombo yataingia kwenye siagi na kwenye mpini wa kisu, na jiko litakuwa la ngano hadi jioni. Nina ugonjwa wa siliaki. Mwili wa mgonjwa wa siliaki unapokutana na gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai, huugeukia utumbo wake wenyewe na kuushambulia. Vile vinyweleo vidogo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza virutubisho husinyaa, na mtu anaweza kula vizuri kila siku huku damu yake ikizidi kupungua. Kwa miaka mingi nilitibiwa minyoo, amiba na taifodi, nikanywa vidonge vya madini ya chuma bila nafuu ya kudumu, mpaka daktari mmoja alipoagiza damu yangu ipimwe kingamwili, kisha kinyama kidogo cha utumbo kikachukuliwa kwa mpira wenye kamera. Dawa ya kuuponya ugonjwa huu haipo. Kilichopo ni kuacha gluteni maisha yote.

Ninapika uji wa ulezi mtupu. Nasisitiza neno mtupu kwa sababu unga wa lishe unaouzwa kwenye mifuko, ule unaosifiwa kwa watoto na wagonjwa, mara nyingi huchanganywa mahindi, soya, karanga, mchele na ngano kidogo, na muuzaji anaweza kukuapia kwa jina la Mungu kwamba ni ulezi kwa kuwa rangi yake ni ya ulezi. Mimi hununua punje, nazipepeta, naziosha, nazianika, halafu nazisaga kwa blenda yangu ambayo haijawahi kuguswa na unga mwingine.

Saa 12:30 asubuhi

Napitia mashineni na debe la mahindi. Watu wengi hudhani kwamba anayekula ugali hana shida na gluteni, na kwa upande wa mahindi yenyewe ni kweli kabisa, kwani mahindi, mchele, ulezi, mtama na uwele havina gluteni inayoudhuru utumbo wangu. Shida ni jirani yake. Mashine ya mtaani kwetu husaga kila kinacholetwa, na yule aliyenitangulia huenda alileta mchanganyiko wa lishe wenye ngano ndani yake. Fundi wa mashine tumeelewana: ananisagia baada ya watu kadhaa walioleta mahindi matupu, na kilo za kwanza zinazotoka kwenye mahindi yangu nazitenga kwa ajili ya kuku. Mwanzoni aliniona kama mtu mwenye masharti ya mganga. Siku hizi ndiye anayemwambia kijana wake, “Huyo mama msubirishe kidogo, lishe ndiyo imetoka sasa hivi.”

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu ni kukagua hesabu za vyama vya msingi vya ushirika, na leo zamu ni ya chama kimoja cha wakulima wilayani Rungwe. Gari linapita Uyole, linapanda kuelekea Isyonje, mahali inapochepuka njia ya Kitulo, na kando ya barabara viazi vimepangwa kwenye ndoo na magunia kama kawaida ya ukanda huu. Dereva wetu, kijana mdadisi, ananiuliza ni nani hasa aliyegundua kwamba ngano inaweza kumdhuru mtu, maana yeye amekula chapati tangu utoto. Namsimulia habari za Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, ambaye alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuelekea 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa kali na mkate ukaadimika; watoto wenye siliaki wakaonekana kupata nafuu wakati wengine wanadhoofika, na mkate uliporudi, nao wakaugua upya. Tasnifu yake aliitoa Utrecht mwaka 1950. Dereva anafikiri kidogo, kisha anasema, “Kwa hiyo dada, wewe ungezaliwa zamani huku kwetu, kabla ya ngano kuja, usingejua kama unaumwa.” Nadhani amesema kweli kuliko vipeperushi vingi nilivyowahi kusoma.

Saa 4:00 asubuhi

Hii ndiyo saa ngumu kuliko zote. Asubuhi nzima mtu anaweza kujilinda, lakini saa nne nchi hii hunywa chai, na chai huja na vitafunwa. Katibu ameleta chupa mbili za chai na bakuli kubwa lililofunikwa kitambaa. Ndani yake mna chapati, maandazi na vitumbua. Vitumbua ni vya mchele, na mchele wa Kyela kwa jinsi unavyonukia ungemshawishi hata aliyefunga. Hata hivyo namuuliza mama aliyepika, kwa sauti ya chini ili nisionekane kumkagua na yeye, kama aliongeza unga wa ngano ili vishikane, na kama kikaango ni kile kile cha maandazi. Unga hakuongeza. Mafuta yaliyochoma maandazi ndiyo aliyomiminia kwenye vitumbua. Basi, vitumbua navyo vinatoka kwenye orodha.

Mzee mwenyekiti anaona sahani yangu ni tupu.

“Mama mkaguzi, chapati zetu hazijakupendeza?”

“Zimenipendeza sana baba, ila daktari amenikataza ngano.”

“Hata nusu?”

“Hata nusu, baba. Lakini ndizi sijakatazwa.”

Wazee wanacheka, na mmoja anamtuma kijana akatafute ndizi mbivu. Nimejifunza kutotaja gluteni katika vikao vya namna hii, kwa kuwa neno hilo huzaa maswali ya nusu saa, ilhali “daktari amenikataza” kila mtu anaielewa. Wagonjwa wa kisukari na wa presha walikwisha kututengenezea njia. Tatizo la njia hiyo ni kwamba watu huupima ugonjwa wangu kwa kipimo cha sukari. Mwenye kisukari anaweza kuambiwa apunguze, kwa hiyo wenyeji wangu, kwa upendo mtupu, hunikatia robo. Kwangu mimi robo ni nyingi mno. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kiitwacho Codex, kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kila kilo moja, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na madhara yenyewe hayaji lazima kwa tumbo kuuma papo hapo. Utumbo unaweza kuharibika taratibu huku nikijisikia mzima na kuendelea kujumlisha risiti.

Nakula ndizi zangu mbivu na karanga nilizokuja nazo kwenye mkoba. Vitabu vya stoo vina dosari ndogo, tunaandikiana hoja, na kazi inasonga hadi mchana.

Saa 8:00 mchana

Chakula cha mchana hakinipi wasiwasi mkubwa. Rungwe ni nchi ya ndizi na maziwa, na mama wa nyumba tuliyoalikwa amepika ndizi kwa maharage, akaweka parachichi na kibuyu cha maziwa mgando. Ninauliza maswali mawili tu, kama mchuzi umekolezwa unga na kama ametia viungo vya pakiti, kwa kuwa baadhi ya viungo hivyo huwa na ngano. Anajibu kwamba ametia kitunguu, nyanya na chumvi. Nakula mpaka natosheka, namshukuru kwa “ndaga fijo” na matamshi yangu yanawachekesha watoto wake.

Niliwahi kutumiwa mkate usio na gluteni kutoka dukani Dar es Salaam, wa bei ya kutisha, nao ukafika umekauka na kuvunjikavunjika. Sijaagiza tena. Mtu aliye London huenda akauhitaji mkate huo, kwa sababu mlo wake umejengwa juu ya ngano. Sisi wa nyanda hizi tuna viazi, ndizi, magimbi, mahindi, maharage na mchele wa Mbarali, na sioni kwa nini mgonjwa wa Tukuyu aambiwe kwamba afya yake inauzwa kwenye pakiti.

Saa 11:00 jioni

Tunarudi. Wenzangu wanasimama kula chipsi, nami nabaki garini na viazi vyangu vya kuchemsha, kwa sababu viazi vile vile vikiingia kwenye karai lililokaanga sambusa haviwi tena vyangu.

Saa 1:00 usiku

Jumuiya imesali nyumbani kwetu, na baada ya sala jirani mmoja ananivuta pembeni. Mwanawe anaharisha mara kwa mara na haongezeki uzito, naye amesikia habari zangu, kwa hiyo anataka kumwachisha ngano kuanzia kesho. Namwomba asifanye hivyo kwanza. Ampeleke hospitali mtoto akiwa bado anakula kama kawaida, kwa maana ngano ikiondolewa kingamwili hupungua kwenye damu, utumbo huanza kupona, na kipimo kinaweza kusema hakuna kitu ilhali kipo. Tena, kuharisha kwa mtoto kuna sababu nyingi sana. Wanangu mimi nimewapima, kwani ugonjwa huu hufuata damu, na ndugu wa karibu wa mgonjwa wako hatarini kuliko watu wengine.

Mama mwingine anauliza kuhusu Komunyo. Kanisa Katoliki, katika barua ya Roma ya Juni 2017, lilikumbusha kwamba hostia, yaani kile kimkate cha ngano cha Komunyo, ikiwa haina gluteni kabisa si halali kwa Ekaristi, lakini yenye gluteni kidogo sana inakubalika, na anayeshindwa hata hiyo anaweza kupokea kwa umbo la divai peke yake. Mimi hupokea divai, na paroko hunitengea kikombe ambacho hakijadondoshewa kipande cha hostia.

Saa 3:00 usiku

Kesho safari ni ya Makete, huko juu ambako ngano yenyewe hulimwa. Nimefunga sufuria yangu ndogo, mwiko, mayai ya kuchemsha na unga wa ulezi, kisha nimemwandikia katibu wa chama cha huko kwamba viazi nichemshiwe na maganda yake, maharage yatiwe chumvi tu, na wasihangaike kunitafutia chochote maalumu, kwa kuwa kitu chenye ngano siwezi kabisa kula. Amejibu haraka na kwa heshima zote: wamepokea maelekezo, chapati hazitapikwa, na je, maandazi mangapi yatanitosha?