Wadudu wa Kirumba: mradi umefika wapi

Bango la ukutani la wadudu wa mtaa wetu, Kirumba, jijini Mwanza, limefika nusu. Panzi, nyenje, vunjajungu, mende na siafu wameshachorwa; vipepeo ni vingi kupita kiasi, maana kila mtoto anataka chake. Buibui na tandu walihesabiwa miguu wakakosa nafasi, kwani humu wanaingia wenye miguu sita tu. Mzee mmoja alimtetea buibui hadi magharibi ikaingia.

Kazi kubwa mwezi huu ni viluwiluwi vya mbu. Tumevichota kwenye tairi chakavu na kwenye dimbwi la wazi linalopigwa na jua, tukaviweka kwenye chupa zilizokatwa shingo na kufungwa kipande cha chandarua, ili vikiota mabawa visitoroke. Vya tairini vinaning'inia kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa hewa juu. Vya dimbwini havina mrija huo, kwa hiyo vinalala sambamba na uso wa maji. Hao ni watoto wa anofelesi, mbu wa malaria. Hata wakikomaa wanajulikana: anofelesi akitua huinua tumbo na kuinamisha kichwa, wakati wa tairini hulaza mwili sambamba na ukuta.

Dada mmoja jirani alikuwa akipita anasema tunafuga ugonjwa. Siku hizi yeye ndiye anayeniita: "Mdogo wangu, hebu njoo, huyu ukutani ni yupi?"

Kilichowatia watoto wazimu ni mtoto wa kereng'ende, tuliyemnasa kwa chujio la chai kando ya magugu maji. Hana mabawa, ana rangi ya tope, na mtu asiyeambiwa hamdhanii. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa. Kiluwiluwi kikisogea, anaufyatua mbele na kukidaka. Chupa yake sasa ina foleni ya watazamaji, wakubwa kwa wadogo.

Majini watoto hawaingii, kwa sababu ya kichocho. Mabuti ni ya wakubwa.

Kwenye magugu yenyewe tumepata fukusi wadogo, na makovu yao kama vidirisha juu ya majani. Asili yao ni Amerika Kusini, kama magugu hayo, na waliachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 ili wayale: wakubwa hukwangua majani, funza wao hutoboa mashina kwa ndani. Wavuvi tuliowaonyesha walikuwa wakiyaona makovu hayo miaka yote, wakidhani jani limeungua jua. Kwa wakubwa, naona hili ndilo somo tamu kuliko yote.

Kinachofuata ni vijidudu vya ziwani, vile vinavyopanda juu ya maji kwa mawingu mazima na watu wakafunga madirisha. Haviumi. Baadhi yao, wakiwa wachanga, hushinda kwenye tope mchana na kupanda kuwinda usiku, na hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Tutatundika shuka jeupe na taa nyuma yake. Shuka ninalo, taa bado naazima.