Asubuhi Moja katika Bonde la Web

Mwishoni mwa 2019 nilikaa siku kadhaa katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Bale, kusini-mashariki mwa Ethiopia, na asubuhi ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo mimi na askari wa wanyamapori aliyekuwa mwenyeji wangu tulilala kifudifudi kwenye ukingo wa Bonde la Web, tukisubiri kundi la mbwa mwitu wa Ethiopia liamke. Tulikuwa tumeagana kukutana saa kumi na mbili, wala sikuhitaji kuuliza ni saa ipi, kwa kuwa Waethiopia huhesabu saa kama sisi.

Walikuwa saba, wekundu kama mbweha, wamelala mahali pa wazi kwenye nyasi zenye sakitu, kila mmoja amejikunja na kufunika pua kwa mkia. Wa kwanza alipoamka alimwendea mwenzake, na punde wote wakawa wamesimama wakilambana midomo, wakisukumana mabega na kulia kwa sauti nyembamba. Kisha wakaondoka kwa safu kukagua mpaka wa eneo lao, wakikojolea vichaka njiani.

Baada ya hapo walitawanyika. Mbwa mwitu wa Serengeti, ambao ni spishi nyingine, hukimbiza swala kwa pamoja, lakini hawa huwinda panya na fuko, na windo dogo namna hiyo kila mmoja hulitafuta peke yake. Mmoja alinyatia shimo la fuko karibu nasi, tumbo likigusa nyasi, masikio yameelekezwa mbele, akiinua mguu mmoja na kuuacha hewani kwa muda mrefu kabla ya kuutua. Aliporuka, kichwa chote kilizama ardhini, kisha akatoka na windo lake, udongo umemjaa hadi machoni. Hakulimaliza hapo hapo. Alirudi pangoni, watoto wakamlamba mdomo, naye akawatapikia nyama, ingawa hakuwa mzazi wao: katika kundi huzaa jike mkuu, mara moja kwa mwaka, na waliobaki husaidia kulea na kulinda eneo.

Upendo huo ndio unaowaangamiza. Kichaa cha mbwa kikimpata mmoja, aliniambia mwenyeji wangu bila kupamba, mgonjwa huja kusalimia asubuhi kama kawaida. Mlipuko wa 2003 uliua takriban robo tatu ya mbwa mwitu wa bonde lile. Duniani kote waliokomaa hawazidi 500 hivi, na zaidi ya nusu wako Bale, wote wa nususpishi, yaani tawi la spishi hiyo, inayoishi kusini-mashariki mwa Bonde la Ufa. Tangu 2018 wanatupiwa vipande vya nyama ya mbuzi vilivyofichwa chanjo, kazi inayofanywa usiku na watu waliopanda farasi. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kazi kubwa zaidi ni ya kuchanja mbwa wa wafugaji, kwa maana ugonjwa hutokea kwao.

Tulikuwa bado hapo mzee mmoja alipoteremka na ng'ombe wake, akifuatwa na mbwa wa kahawia. Mwenyeji wangu aliinuka, akamsalimu kwa Kioromo, akauliza hali ya nyumbani na ya mifugo, ndipo akauliza habari za mbwa. Mzee alijibu kwamba mbwa huyo alichanjwa, ila yuko mwingine nyumbani, bado mdogo. Mwenyeji wangu akatoa daftari, akaandika jina la kijiji.