Nimekulia buchani, na nyama nimeiacha

Baba yangu ana bucha Moshi, na mimi nimekulia nyuma ya lile gogo la kukatia. Kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa natofautisha sarara na paja kwa macho tu, na nilijua kutafuta muhuri wa mkaguzi kabla nyama haijatundikwa kwenye ndoano. Kwetu nyama ililiwa kila siku ya Mungu. Nilipohamia Dar es Salaam kikazi niliendelea vilevile: supu na chapati asubuhi, wali nyama mchana, na jioni nikipita Sinza, mishikaki miwili mitatu kabla sijafika nyumbani. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mpenda nyama anaweza kuiacha, namjibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Ilianza na Kwaresima ya 2023. Kanisa Katoliki linatutaka tujinyime nyama Jumatano ya Majivu na siku za Ijumaa. Mwaka ule mama alikuwa anaumwa, nami nikataka kutoa kitu ambacho kukikosa kutaniuma kweli. Nikaweka nia: kuanzia tarehe 22 Februari hadi Pasaka, tarehe 9 Aprili, sili nyama, kuku wala samaki.

Wiki mbili za kwanza ziliniumiza. Mchana nilikuwa namudu, lakini jioni, mafuta yakidondokea mkaa na ule moshi ukipanda, mate yalinijaa mdomoni hadi nikaanza kushuka kituo cha mbele na kurudi kwa mguu kupitia mtaa wa nyuma. Wiki ya tatu hamu ilianza kulegea. Pasaka ikafika, nikala pilau la nyama kwa dada yangu, nikashiba vizuri. Ila niligundua kwamba sikuwa nimelisubiri.

Na kulikuwa na jambo jingine. Tangu utoto nimeona ng'ombe wakiingizwa machinjioni alfajiri, wengine wakigoma mlangoni, na sikuwahi kujiuliza lolote. Katika zile wiki sita nilijiuliza. Swali halikuondoka na Kwaresima. Nikasema niongeze mwezi mmoja, na mwezi ukazaa mwezi.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu naona wengi wanaoanza wanalirudia. Niliondoa nyama kwenye sahani na mahali pake sikuweka kitu. Nilikuwa nakula chipsi, wali na kachumbari, chapati na chai, andazi na chai, chai na chai. Kufikia Agosti nilikuwa napanda ngazi za ofisini moyo unanidunda na kichwa chepesi. Nikaenda kupima wingi wa damu, yaani himoglobini, ikasoma 9.8. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Nilitegemea kuambiwa nirudie nyama. Muuguzi aliyenihudumia, Mungu ambariki, hakuniambia hivyo. Alinipa vidonge vya madini ya chuma, kisha akaniuliza: "Dada, hebu nitajie ulichokula jana, tangu asubuhi." Nikataja. Akatikisa kichwa.

Ndipo nilipojifunza kula upya. Chuma cha kwenye mboga na mikunde mwili unakichukua kwa shida kuliko kile cha nyama, na chai ukiinywa pamoja na chakula inakizuia zaidi. Limau, chungwa au nyanya mbichi vinakisaidia kuingia. Basi chai nikaihamishia saa kumi, mbali na chakula, na kwenye kila bakuli la kunde au dengu nakamua limau. Maharage nayaloweka usiku kucha na maji yale namwaga. Nikajifunza pia kwamba vitamini B12 kiasili inatoka kwenye vyakula vya wanyama tu, na akiba yake ini linaweza kuitunza kwa miaka, ndiyo maana mtu anaweza kujiona mzima kumbe inapungua taratibu. Kwa sababu hiyo mayai na maziwa sikuviacha. Anayeacha hata mayai na maziwa lazima ameze vidonge vya B12 au ale vyakula vilivyoongezewa. Kwenye hilo siwezi kumdanganya mtu. Novemba nilipima tena: 12.4.

Upande wa ladha aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kigujarati, mzee, niliyekuwa nakaa naye meza moja kwenye mgahawa wa mboga tupu kule Kisutu. Wenzetu Wahindu wengi na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, wamepika bila nyama vizazi na vizazi, nami nilikuwa nahangaika kama mtu wa kwanza duniani. Ndiye aliyenifundisha kukaanga haradali na bizari nyembamba kwenye mafuta ya moto mpaka zipasuke, kutia mvuje, kile kiungo cha utomvu mkavu, kidogo sana, halafu kumwagia mafuta hayo juu ya choroko zilizokwisha kuiva. Mvuje unanuka ukiwa mbichi, lakini ukikaangwa kwenye mafuta unatoa ule utamu mzito niliokuwa naudai kwenye nyama. Na ule moshi niliokuwa naukimbia Sinza nikauleta nyumbani: bilinganya na uyoga, chumvi, kitunguu saumu, limau, pilipili, juu ya mkaa. Kisamvu nakitwanga, nakichemsha kweli kweli, ndipo naweka karanga na nazi.

Ukila nje angalia. Mama ntilie ukimwambia wali maharage, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye sufuria ya mchuzi wa nyama ili wali usiwe mkavu. Siku hizi nasema mapema: "Mama, usiniwekee mchuzi, niongezee mchicha."

Hayo yote yalikuwa mepesi kuliko Desemba. Desemba Mchagga anarudi nyumbani, na nyumbani kunachinjwa. Kwetu kipande cha nyama ni heshima, kinatolewa kwa mtu fulani kwa sababu ni mtu fulani. Baba alininyooshea changu, nikasema nimeacha. Akanitazama kwa muda. "Mwanangu, nyama yangu imekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Nikala. Usiku sikulala, na haikuwa tumbo.

Mwaka uliofuata nilimpigia mama mwezi mzima kabla. Alicheka, akaniambia bibi yangu alikula nyama siku ya kuchinja tu; siku nyingine zote ilikuwa ndizi, maharage, mboga za mnafu na maziwa. Tukapika kiburu, yaani ndizi na maharage, sufuria kubwa, cha watu wote, maana sikutaka kukaa pembeni na kibakuli changu kama mgonjwa. Baba alipogawa nilipokea kipande changu kwa mikono miwili, nikashukuru, kisha nikampa mtoto wa kaka mbele ya macho yake. Baba hakusema kitu. Akajipakulia kiburu.

Siku ya kuondoka nilipita buchani kuaga. Alikuwa na mfuko wa kunde aliokuwa amenunua sokoni asubuhi. Akazimimina kwenye mizani yake, kilo mbili, akaongeza konzi moja juu, kama anavyomfanyia mteja wake wa siku nyingi, akafunga kwa gazeti.