Gundi wa Milima ya Atlas

Dada yangu alipokuwa mjamzito, daktari wa hapa Unguja alimtahadharisha asisafishe kinyesi cha paka, kwa sababu ya kimelea kiitwacho toksoplazima. Jina la pili la kisayansi la kimelea hicho, gondii, limetokana na gundi, panya wa majabali makavu ya Afrika Kaskazini, ambaye watafiti Nicolle na Manceaux walikikuta kimelea hicho mwilini mwake mjini Tunis mwaka 1908. Naona si haki mnyama huyu, asiyehusiana kabisa na gundi ya kubandikia, akumbukwe kwa maradhi tu. Asubuhi hutoka nyufani kuota jua. Maji huyapata katika majani anayokula. Na vidole vyake vya nyuma vina nywele ngumu, zilizosimama mithili ya meno ya kitana, anazozitumia kuchania manyoya yake laini.