Jinsi nilivyofanya tovuti ya ofisi ya ushauri Mwanza ianze kuleta wateja

Ofisi yenyewe iko Kirumba na inaandaa tathmini ya athari kwa mazingira: vituo vya mafuta, viwanda vya samaki, vizimba vya kufugia sato ziwani. Kazi wanaijua vizuri sana, ila tovuti yao ilikuwa kimya. Ukiifungua kwa simu, unasubiri picha kubwa ya Bismarck Rock, lile jabali maarufu la ziwani Mwanza, imalize kupakia, halafu unakutana na dira na dhamira. Fomu ya mawasiliano ilidai hadi sanduku la posta!

Nilikaa na dada wa mapokezi nikasikiliza simu zinazoingia. Maswali ni yale yale: mradi wangu unahitaji cheti cha mazingira cha NEMC (baraza la taifa la mazingira)? Nilete nyaraka gani? Majibu hayo ndiyo niliyoyapandisha juu kabisa, kwa Kiswahili cha kawaida. Dira ikahamia ukurasa wa ndani.

Fomu nikaitoa, nikaweka kitufe cha WhatsApp. Hapa kuwa makini: kiungo cha wa.me kinataka 255 kisha namba, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Nikakiongezea ujumbe ulioandikwa tayari: “Habari, nina mradi wa … uliopo …” Mteja anajaza nafasi tu.

Picha nikazipunguza uzito, na ofisi nikaisajili kwenye Google Maps.

Sasa wanaoulizia wameongezeka, na wengi wanataja mradi na wilaya tangu ujumbe wa kwanza. Ukurasa wa vizimba peke yake ndio unaofuata, maana wafugaji wa sato ndio wanaouliza zaidi.