Kutoka Mahé hadi Dunga, Mwendo wa Kobe

Tangu nirudi Kisumu kila anayenisalimia ananiuliza swali lile lile: miaka yote hiyo ughaibuni, nauli ya ndege ilikushinda? Haikunishinda. Nilikuwa fundi wa mashua za matanga huko Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, na mwenye mashua mmoja alitaka mtu wa kumsaidia kuifikisha Kilifi. Nikapanda.

Ni mashua nzito, ya matembezi, si ya mashindano. Ikijitahidi sana inakwenda maili tano za baharini kwa saa. Vijana wanaokimbia asubuhi pale Mamboleo wangeiacha. Na safari yenyewe ni zaidi ya maili 900. Tena tuling'oa nanga Julai, kusi imeshika kasi.

Bahari ilitupiga nyuma kidogo ya ubavu wa kushoto, usiku na mchana. Tanga kubwa tulilipunguza, tukalipunguza tena, likabaki kipande. Chakula kilikuwa uji. Jiko lenyewe linaning'inia na kubembea, nawe unajifunga mkanda ndipo ukoroge. Godoro langu lililowa maji ya chumvi mapema na halikukauka tena, maana chumvi hunyonya unyevu hata jua likiwaka. Lakini uzito ule niliokuwa nikiutukana ndio uliotubeba: wimbi likija, mashua inainuka kwa uvivu, inalala, inajinyoosha, basi.

Kilichoninyima usingizi ni mkondo. Karibu na pwani yetu maji hukimbilia kaskazini, na wakati wa kusi yanaweza kufika maili nne kwa saa. Ukishapitiliza mlango wa Kilifi, kurudi kusini kwa mashua kama ile ni kuomba Mungu tu, utajikuta Lamu. Kwa hiyo nahodha alilenga Pemba, akauacha mkondo utupandishe taratibu mpaka tukauona mlango.

Mjomba wangu, mvuvi wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, alisikiliza yote haya akiparua samaki, hata hakuinua kichwa.

"Mawimbi marefu kiasi gani?"

"Mita tatu, mengine nne."

"Yameachana?"

Nikamwambia likipita moja unavuta pumzi mara mbili tatu kabla ya jingine.

"Okewa, hivyo ni vilima. Hapa Ghuba ya Winam la mita moja likija, la pili liko mgongoni mwake."

Siwezi kumbishia. Ghuba yetu haina kina, kwa hiyo dhoruba ya jioni huyasimamisha maji ghafla, mafupi na makali, na boti zetu za mbao ziko wazi. Sisi bahari ilitujaza mpaka magotini mara kadhaa, na maji yakatoka yenyewe kwa matundu ya sakafuni, maana sakafu ile iko juu ya usawa wa bahari. Mjomba anayo kopo la kuchotea.

Kitu kimoja tu ndicho kilichomfanya aweke kisu chini: namna ya kupunguza tanga bila kulishusha lote. Tanga lake ni la magunia yaliyoshonwa. Anataka kujua kama yatastahimili zile kamba za kufungia sehemu iliyokunjwa, na Jumamosi tunajaribu.